Mnyoo, Chawa na Kaa: Historia ya Ulinganisho wa Maumbile ya Minyoo ya Mviringo na Athropoda, na Maana Yake kwa Burundi

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya ulinganisho wa maumbile ya makundi mawili ya wanyama wasio na uti wa mgongo: minyoo ya mviringo, na athropoda, yaani wanyama wenye miguu ya pingili kama vile chawa, nzi, kupe na kaa. Kwa takribani karne mbili wanazuoni waliyaweka makundi haya mbalimbali. Mwaka 1997 ushahidi wa molekuli uliyaunganisha katika ukoo mmoja wa wanyama wanaojivua gamba. Historia hiyo inasomwa hapa kwa kuitazama Burundi, nchi ambayo mwaka huohuo ilikumbwa na mlipuko mkubwa wa homa ienezwayo na chawa. Hoja kuu ni kwamba uainishaji wa viumbe una matokeo katika matumizi ya dawa, katika ufugaji na katika hifadhi ya Ziwa Tanganyika, kwa hiyo unastahili nafasi katika sera na katika istilahi za Kiswahili.

Maneno makuu: minyoo ya mviringo, athropoda, kujivua gamba, ivermektini, sutama, Burundi

1.0 Utangulizi

Mwezi Mei 1997 jarida la Nature lilichapisha makala ya Aguinaldo na wenzake iliyodai kwamba minyoo ya mviringo na athropoda ni jamaa wa karibu. Dai hilo lilipingana na mpangilio uliofundishwa vyuoni kwa vizazi kadhaa. Katika miezi hiyohiyo, kwenye nyanda za juu za Burundi, maelfu ya watu waliokuwa wakiishi katika kambi za wakimbizi wa ndani walikuwa wakiugua homa kali iliyoitwa sutama. Mwenezaji wake alikuwa chawa wa mwili.

Matukio haya mawili hayakuhusiana. Hata hivyo, kuyaweka pamoja kunasaidia kuuliza swali ambalo mara nyingi huachwa kwa wataalamu wa zuolojia peke yao: je, namna wanazuoni wanavyowapanga viumbe ina uzito gani kwa nchi ambayo afya ya watu wake, mifugo yake na samaki wake vinategemea sana minyoo na wadudu? Sehemu zinazofuata zinaanza na maumbile yenyewe, kisha zinapitia historia ya uainishaji, zinatazama mifano ya Afrika Mashariki, na mwishoni zinaeleza maana yake kwa sera.

2.0 Maumbile ya makundi mawili

Kwa macho, mnyoo wa mviringo na mdudu havifanani hata kidogo. Mnyoo mkubwa wa tumboni, ambaye jike lake hufikia urefu wa sentimita 20 hadi 35, ni kama kamba iliyochongoka ncha mbili. Hana miguu, hana pingili, hana moyo wala damu, na hana kiungo cha kupumulia. Ndani ya mwili wake kuna uwazi uliojaa majimaji yenye shinikizo, na shinikizo hilo ndilo linalofanya kazi ya mifupa. Misuli yake yote imepangwa kwa urefu; hakuna inayozunguka mwili kama ilivyo kwa nyungunyungu. Kwa sababu hiyo mnyoo wa mviringo hawezi kujifupisha na kujirefusha kama nyungunyungu, bali hujipinda kwa mawimbi. Jambo la ajabu zaidi ni kwamba misuli yake ndiyo inayopeleka mikono kwenye neva, ilhali katika wanyama wengi neva ndizo huifuata misuli.

Athropoda wana mpango tofauti. Mwili wao umegawanyika katika pingili, na pingili hizo hubeba miguu, vipapasio, taya au mabawa. Wana moyo upande wa mgongoni na damu inayotiririka huru ndani ya uwazi wa mwili. Wadudu huvuta hewa kwa mirija midogo inayofunguka ubavuni, na kaa hutumia mashavu kama samaki. Ganda lao la nje limeimarishwa kwa kitini, na misuli imeshikiliwa na ganda hilo kwa ndani.

Ulinganifu umo katika kile kinachoufunika mwili. Mnyoo na mdudu wote wamevikwa gamba lenye matabaka ambalo halikui sambamba na mwili. Kwa mnyoo gamba hilo limeundwa zaidi kwa kolajeni, na kwa mdudu limeundwa kwa kitini na protini, lakini wote wawili hulazimika kulivua ili wakomae. Mnyoo wa mviringo hujivua mara nne kabla ya kuwa mkubwa. Chawa hujivua mara tatu. Kaa huendelea kujivua akiwa mkubwa. Wote pia wamekosa vijinywele vya kusukuma mwili au majimaji, ambavyo ni vya kawaida kwa konokono, nyungunyungu na minyoo bapa.

Hata katika ulinganifu huo ipo tofauti inayostahili kutajwa. Mdudu hukua anapojivua tu. Ganda likishakauka, kimo chake kimekwisha kuamuliwa. Mnyoo wa tumboni, kwa upande wake, huendelea kurefuka sana baada ya kujivua kwa mara ya mwisho, kwa kuwa gamba lake hunyumbuka. Udugu wa makundi haya, basi, hauna maana ya kufanana kwa kila jambo. Ni urithi mmoja uliotumiwa kwa njia mbili.

3.0 Kutoka Linnaeus hadi 1997

Katika toleo la 10 la Systema Naturae, mwaka 1758, Carl Linnaeus aliwagawa wanyama katika matabaka sita. Kaa, buibui na chawa aliwaweka pamoja katika tabaka la wadudu. Minyoo aliiweka katika tabaka la Vermes, lililokuwa kama kapu la kutupia chochote kilichosalia, kuanzia konokono hadi viumbe wa baharini wasio na umbo maalumu.

Georges Cuvier, katika mpango wake wa matawi manne uliokamilika katika kitabu cha mwaka 1817, aliziangalia pingili kama alama kuu ya udugu. Kwa hiyo aliwaunganisha nyungunyungu na wadudu katika tawi moja la wanyama wa pingili. Minyoo ya tumboni, isiyo na pingili, aliitupa mbali zaidi: katika tawi moja na viwavi wa baharini na kiti cha pweza. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki, kwani pingili zinaonekana kwa urahisi, na nyungunyungu na tandu hufanana kweli zinapotambaa. Ndiyo maana wazo la kuwaunganisha nyungunyungu na wadudu lilidumu hadi karne ya 20.

Karne hiyo ilileta kigezo kingine, yaani uwazi wa mwili. Vitabu vya kiada, vikifuata kazi kubwa za wataalamu kama Libbie Hyman, aliyeanza kuchapisha juzuu zake kuhusu wanyama wasio na uti wa mgongo mwaka 1940, viliwapanga wanyama kama ngazi: wasio na uwazi, wenye uwazi usio kamili, na wenye uwazi kamili. Minyoo ya mviringo ilikaa ngazi ya kati na athropoda ngazi ya juu. Picha ya ngazi iliingia madarasani pamoja na dhana kwamba mnyoo ni mnyama wa chini ambaye hajafika alikofika mdudu.

Kujivua kwenyewe hakukuwa siri. Émile Maupas, aliyefanya utafiti wake Algiers, alikwisha kueleza hatua nne za kujivua kwa minyoo ya mviringo mwishoni mwa karne ya 19. Lakini jambo hilo lilihesabiwa kama sadfa, kwa kuwa kigezo kilichotawala kilikuwa kingine. Hapa kuna funzo la kimbinu: ushahidi unaweza kukaa mezani miaka 100 bila kusomwa, ikiwa swali linaloulizwa haliuhitaji.

Aguinaldo na wenzake walilinganisha jeni moja inayopatikana kwa wanyama wote. Tatizo lililowakwaza watangulizi wao lilikuwa kwamba mnyoo mdogo wa udongo aliyezoeleka maabara, Caenorhabditis elegans, amebadilika haraka mno kijeni, na mabadiliko hayo yalimfanya aonekane mgeni kwa wanyama wote. Walipomtumia Trichinella, mnyoo wa mviringo aliyebadilika polepole, minyoo hiyo iliangukia kando ya athropoda. Nyungunyungu nao walijitenga na kwenda upande wa konokono. Ukoo mpya ulipewa jina lenye maana ya wanyama wanaojivua.

Pendekezo hilo halikukubaliwa siku hiyohiyo. Baada ya jenomu ya C. elegans kuchapishwa mwaka 1998 na ya nzi wa matunda mwaka 2000, chunguzi kadhaa zilizotumia jeni nyingi lakini spishi chache zilirudi kwenye mpango wa zamani. Spishi zilipoongezwa katika ulinganisho, ukoo wa wajivuao uliimarika, na leo ndio unaokubaliwa na wengi.

4.0 Mnyoo ndani ya nzi, nzi juu ya kaa

Afrika Mashariki ina mfano unaoweka viumbe hawa wote katika hadithi moja. Ugonjwa wa usubi, unaoleta muwasho wa ngozi na hatimaye upofu, husababishwa na mnyoo wa mviringo aitwaye Onchocerca volvulus. Mwenezaji wake ni nzi mweusi mdogo ambaye viluwiluwi wake huishi katika mito yenye maji ya kasi. Nzi anapomuuma mgonjwa hunyonya vijinyoo vichanga. Vijinyoo hivyo huingia katika misuli ya kifua cha nzi, hujivua mara mbili, kisha huwa tayari kumwambukiza mtu mwingine. Mara mbili zilizobaki mnyoo hujivua ndani ya mwili wa binadamu. Kwa maneno mengine, mnyama mmoja anayejivua humaliza nusu ya ukuaji wake ndani ya mwingine wa ukoo huohuo.

Magharibi mwa Kenya mwenezaji alikuwa Simulium neavei. Kuanzia mwaka 1946 J. P. McMahon na wenzake walimwaga dawa ya DDT katika mito na kuwaangamiza nzi hao bonde baada ya bonde, ingawa hakuna aliyekuwa amewaona viluwiluwi wake. Mawe na majani ya mtoni yalichunguzwa bila mafanikio. Mwaka 1950 van Someren na McMahon walitangaza jibu: viluwiluwi na mabuu walikuwa wamejibandika juu ya kaa wa mtoni. Mtafiti aliyemtafuta nzi alipaswa kumkamata kaa. Kwa nzi huyo, ganda la athropoda mwingine ndilo makazi ya utotoni.

Burundi nayo ina maeneo ya usubi. Chini ya mpango wa Afrika wa kudhibiti ugonjwa huo, ulioanzishwa mwaka 1995, ugawaji wa dawa unaoendeshwa na jamii ulifanyika katika maeneo ya Cibitoke na Bubanza, Bururi, na Rutana, kwa majina ya mikoa ya wakati huo. Dawa iliyogawiwa ni ivermektini. Huua vijinyoo vichanga lakini haimalizi minyoo mikubwa, ambayo huishi miaka 10 au zaidi katika vinundu chini ya ngozi. Ndiyo maana ugawaji hurudiwa mwaka hadi mwaka, na jamii inayochoka kabla ya wakati hurudi ilikotoka.

5.0 Sutama: maumbile ya chawa na maumbile ya vita

Katika Kirundi, kitenzi gusutama humaanisha kuchuchumaa. Wagonjwa wa homa hiyo walikuwa na maumivu makali ya misuli yaliyowafanya wajikunje, na mkao wao ukawa jina la ugonjwa. Dalili za kwanza za mlipuko zilionekana mwaka 1995 katika gereza la Ngozi. Hadi Septemba 1997 wagonjwa waliotambuliwa kwa dalili walikuwa zaidi ya 45,000, wengi wao katika maeneo ya juu yenye baridi. Uthibitisho wa kimaabara, uliochapishwa katika The Lancet mwaka 1998 na Raoult na wenzake, ulifanyika Ufaransa.

Maumbile ya chawa wa mwili yanaeleza kwa nini hali ilikuwa hivyo. Hana mabawa, kwa hiyo huhama tu pale miili na nguo zinapogusana. Miguu yake sita ina kucha zinazoshika uzi wa nguo, na mayai yake hugandishwa kwenye mishono. Hatua zake zote tatu za ujana hunyonya damu, na hawezi kukaa mbali na mwili wa mtu kwa muda mrefu. Kinachomwangusha ni maji ya moto na kubadilisha nguo. Kambi ya wakimbizi wa ndani katika mlima wenye baridi, ambako watu hulala wamebanana, sabuni ni adimu na vazi ni moja, ilimpa kila alichohitaji. Vita havikuleta kiumbe kipya. Vilimwondolea kiumbe wa zamani vizuizi vyake.

Charles Nicolle alikwisha kuonyesha Tunis, mwaka 1909, kwamba homa hii huenezwa na chawa, na alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 1928. Ujuzi, basi, ulikuwepo kwa karibu miaka 90. Kilichokosekana mwaka 1997 kilikuwa amani, maji, nguo na maabara ya karibu.

6.0 Dawa moja kwa miili miwili

Ivermektini ilitokana na bakteria wa udongo aliyekusanywa Japani na Satoshi Ōmura, na ilifanyiwa kazi na William Campbell katika kampuni ya Merck. Iliingia sokoni kwa ajili ya mifugo mwaka 1981, na mwaka 1987 iliidhinishwa kwa binadamu. Wawili hao walitunukiwa Nobeli mwaka 2015. Wafugaji waliona tangu mwanzo kwamba sindano moja iliondoa minyoo ya tumboni pamoja na upele na chawa wa mifugo. Katika jamii zilizopewa dawa ya usubi, upele wa binadamu, unaoletwa na athropoda mdogo anayechimba ngozini, nao ulipungua.

Sababu iligunduliwa katika neva. Mwaka 1994 Cully na wenzake walitambua katika C. elegans mlango wa klorini unaofunguliwa na glutamati. Dawa huushikilia wazi, na mnyoo hupooza. Mwaka 1996 mlango wa aina hiyo ulitambuliwa katika nzi wa matunda. Wanyama wenye uti wa mgongo hawana mlango huo, na hilo ni sababu mojawapo ya dawa kuwa salama kwa mtu ikitumiwa kwa kipimo sahihi.

Hapa panahitajika tahadhari. Milango ya aina hiyo inapatikana pia nje ya ukoo wa wajivuao, kwa hiyo dawa peke yake haithibitishi udugu. Wala si kila dawa ya minyoo huua wadudu: albendazoli, ambayo watoto wa Burundi hupewa dhidi ya minyoo ya tumboni, haitibu chawa. Na minyoo bapa ya kichocho, iliyochunguzwa sana katika uwanda wa Rusizi miaka ya 1980, haiguswi na ivermektini; tiba yake ni prazikwanteli. Neno moja “minyoo” linaficha koo mbili zinazotaka dawa mbili.

Upande wa pili wa ufanisi huu ndio unaowahusu zaidi watunga sera. Dawa isiyobagua kati ya mnyoo na mdudu haiishii ndani ya tumbo la ng’ombe. Mwaka 1987 Wall na Strong walionyesha katika Nature kwamba kinyesi cha mifugo iliyotibiwa kwa ivermektini huwadhuru wadudu wanaokivunja na kukirudisha udongoni. Viroboto-maji wadogo, ambao ni athropoda wa maji baridi, huathirika na kiasi kidogo mno cha dawa hiyo. Burundi inategemea samadi kwa rutuba ya mashamba yake madogo, na mito yake mingi ya magharibi huishia Ziwa Tanganyika. Ziwa hilo lina kaa na gamba-mbili wadogo wa spishi nyingi zisizopatikana kwingine duniani, na ndagala wanaouzwa katika masoko ya Bujumbura hula athropoda wadogo wanaoelea majini.

7.0 Istilahi na sera

Lugha yenyewe ina neno pana. Mzungumzaji wa Kiswahili huko Buyenzi anaweza kumwita mdudu nzi, chawa, funza, mnyoo na hata kijidudu kisichoonekana kwa macho. Kirundi nacho hutumia inzoka kwa nyoka na kwa mnyoo wa tumboni. Maneno haya si uainishaji wa kisayansi wala hayapaswi kudaiwa kuwa hivyo, kwa kuwa yanajengwa juu ya umbo na madhara, si juu ya nasaba. Hata hivyo yanatoa mahali pa kuanzia. Mwanafunzi anayejua nyoka hujivua gamba anaweza kufundishwa kwa kitenzi hichohicho kwamba mnyoo na chawa hujivua pia, ingawa nyoka si wa ukoo wao.

Kutokana na hayo, mambo manne yanapendekezwa. Kwanza, istilahi wajivuao gamba ikubaliwe kwa ukoo huu katika vitabu vya sayansi vya Kiswahili, na tofauti ya minyoo ya mviringo, minyoo bapa na nyungunyungu iwekwe wazi. Pili, mafunzo ya minyoo na ya wadudu waenezao maradhi yaunganishwe katika vyuo vya afya na vya mifugo, kwa kuwa mnyoo wa usubi haueleweki bila nzi wake. Tatu, matumizi ya ivermektini kwa watu na kwa mifugo yawekwe katika daftari moja la taifa, ili usugu wa minyoo na mabaki ya dawa kwenye samadi na katika maji yaingiayo ziwani yapimwe kwa pamoja. Nne, Bujumbura iwe na maabara yenye uwezo wa kuthibitisha magonjwa yaenezwayo na chawa na papasi bila kusubiri majibu kutoka bara jingine.

8.0 Hitimisho

Linnaeus aliangalia umbo la jumla, Cuvier aliangalia pingili, vitabu vya karne ya 20 viliangalia uwazi wa mwili, na wanazuoni wa 1997 waliangalia jeni. Kila kigezo kilifichua jambo na kufunika jingine. Gamba linalovuliwa lilikuwepo muda wote, mbele ya macho ya wote. Kwa Burundi, thamani ya kuutambua udugu wa mnyoo na mdudu ni ya kivitendo: kinachomuua mmoja kinaweza kumuua mwenzake, awe adui aliye ndani ya nguo ya mkimbizi au kiumbe anayemlisha ndagala. Sera inayoijua nasaba hiyo itauliza, kabla ya kugawa dawa, ni nani mwingine atakayeinywa.